Taa zilizofubaa na plastiki zilizopauka: mwongozo kamili wa kuzifufua nyumbani

Kabla hujanunua chochote, chukua kikombe cha maji, imwagie taa ya mbele ya gari lako, kisha uitazame kabla haijakauka. Ukungu ukipotea na ukaiona balbu pamoja na bakuli lake la fedha waziwazi, una bahati: ubovu uko juu juu, na kazi hii utaifanya mwenyewe Jumamosi asubuhi. Taa ikibaki na ukungu uleule hata ikiwa imelowa chepechepe, basi ubovu uko upande wa ndani au umeshaingia katikati ya plastiki, na msasa wote wa Kariakoo hautakusaidia.

Maji hujaza vijishimo na mikwaruzo iliyo juu ya lenzi, mwanga ukapita moja kwa moja badala ya kutawanyika. Kwa hiyo unachokiona taa ikiwa imelowa ndicho utakachokipata ukimaliza, si zaidi. Vijiufa vidogo vidogo visivyopotea kwa maji vitabaki hata upige msasa mpaka usiku.

Chungulia na ndani. Matone ya maji ndani ya taa maana yake mpira wa nyuma umekaa vibaya, kifuniko cha balbu kimepotea, au gundi ya kuzunguka lenzi imeachia. Hilo lirekebishwe kwanza. Na bakuli la fedha nyuma ya balbu likiwa limebabuka au limeungua rangi ya kahawia, lenzi ing'ae vipi taa itaendelea kumulika hafifu. Hapo dawa ni kununua taa nyingine. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, nenda na picha ya namba zilizochongwa kwenye lenzi yako pamoja na jina la mtengenezaji, Koito, Stanley au Ichikoh. Taa mbili za gari la jina moja huweza kutofautiana kwa toleo, na ukiweka moja ya toleo jingine utaiona tofauti kila ukiegesha.

Kinachoziua ni jua

Magari mengi tunayoagiza Japani, kuanzia Vitz, IST na Passo hadi Noah na Premio, yana lenzi za polikaboneti. Plastiki hii haivunjiki ovyo. Kokoto la barabarani linaipiga na kuruka. Lakini ina udhaifu wa aina mbili: inakwaruzika kirahisi, na haivumilii miale ya urujuanimno ya jua. Ndiyo maana kiwandani huvikwa ngozi ngumu, nyembamba sana, yenye kinga ya miale hiyo. Ngozi hiyo ndiyo inayozeeka kwanza. Inageuka njano, inapasuka, inaanza kubanduka kwa vipande, halafu plastiki iliyo chini inabaki uchi.

Gari linaloegeshwa mahali pamoja, pua ikielekea upande uleule kila siku, mara nyingi taa moja hufubaa kuliko nyingine. Iliyo upande wa jua la mchana ndiyo huathirika zaidi. Ongeza vumbi la barabara za changarawe, chumvi ya upepo wa bahari kwa walioko Tanga, Mombasa au Zanzibar, na wale vijana wa kuosha magari wanaofuta tairi kwa kitambaa kisha taa kwa kitambaa kilekile. Magari ya zamani kama Peugeot 504 na Land Rover 110 yalikuwa na taa za kioo halisi, ndiyo maana unayakuta yamechakaa kila mahali isipokuwa kwenye taa. Kama lako lina taa za kioo halisi, usizipigie msasa, zioshe tu.

Si suala la urembo peke yake. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizozeeka kikakuta zinatoa karibu moja ya tano tu ya mwanga wa taa mpya. Kuzing'arisha kwa mkono kulirudisha mwanga hadi kama asilimia 70. Usitegemee upya kamili, lakini kutoka moja ya tano hadi hapo ni tofauti ya kumwona au kutomwona mwenye baiskeli isiyo na taa usiku.

Njia za mkato utakazoambiwa

Dawa ya meno. Inafanya kazi kidogo, kwa sababu ndani yake mna unga laini unaokwangua. Itapunguza ukungu mwepesi, picha utapiga, na baada ya wiki chache taa itakuwa palepale kwa sababu hukuiwekea kinga yoyote. Magadi na ndimu ni hadithi hiyohiyo.

Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu. Hii ni hatari kabisa. Kiungo chake kikuu, DEET, kinayeyusha uso wa plastiki. Kwa dakika chache utaona maajabu, taa inang'aa kama imelowa. Baadaye uso unakuwa wa kunata, unashika vumbi na kupata nyufa. Tina ya kuchanganyia rangi na petroli vinaharibu vilevile: polikaboneti ikiguswa na tina hupasuka vijiufa vya ndani visivyotoka tena. Ukimwona fundi anamimina tina kwenye kitambaa akielekea kwenye taa yako, mzuie kwa adabu.

Kisha kuna ile ya mvuke: kikombe kinachochomekwa umeme, kimiminika kinachemka, mvuke unapitishwa kwenye taa, na taa inakuwa safi mbele ya macho yako. Inavutia mno kuitazama. Lakini kimiminika hicho kwa kawaida ni klorofomu au dikloromethani, sumu ambazo hutakiwi kuzivuta puani, tena zinachofanya ni kuyeyusha uso wa plastiki ili ujisawazishe. Kinga ya jua haipo, na plastiki iliyoyeyushwa hivyo hupasuka mapema. Mimi singeruhusu ifanyike kwenye gari langu, achilia mbali uani kwangu ambako watoto wanacheza.

Unachohitaji

Msasa wa maji, ule mweusi unaouzwa kwa karatasi moja moja kwenye maduka ya rangi za magari. Chukua namba 800, 1000, 1500, 2000, na kama inapatikana, 3000; namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi. Karatasi moja ya kila namba, ukiikata vipande vinne, inatosha taa mbili. Halafu tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, chupa ya kupulizia maji, sabuni ya maji ya vyombo, kipande cha sifongo kigumu cha kuzungushia msasa, kompaundi ya kung'arishia rangi ya gari, vitambaa laini vya maikrofaiba, na spiriti aina ya isopropili. Spiriti ya kusafishia vidonda huweza kuwa na mafuta ndani yake, na mafuta yatazuia kinga isishike, kwa hiyo soma lebo. Isopropili utaipata duka la dawa au kwa mafundi simu.

Ukiwa na drili ya umeme na pedi ya sifongo ya kung'arishia, mkono utakushukuru. Bila drili kazi inafanyika, ila hatua ya kompaundi itachukua muda.

Kinga nitaizungumzia peke yake, maana hapo ndipo watu wengi wanapotupa jasho lao lote. Usianze kupiga msasa kabla hujawa nayo mkononi. Msasa unaondoa hata ile kinga kidogo ya kiwandani iliyokuwa imebaki, kwa hiyo taa iliyosuguliwa ikaachwa hivyo itafubaa haraka kuliko ile ambayo hukuigusa.

Kupiga msasa

Weka gari kivulini na subiri taa zipoe. Osha taa na eneo lote la kuzunguka kwa maji na sabuni ya vyombo. Punje moja ya mchanga ikiingia chini ya msasa itakuchorea mstari ambao utautafuta nusu saa nzima. Kausha, kisha bandika tepu kwenye boneti, bampa na fenda kuzunguka taa, tabaka mbili au tatu. Msasa ukiteleza unapita kwenye tepu ya tabaka moja bila kuuliza. Kwenye kona kali, ambako rangi ya gari ni nyembamba, ongeza tabaka.

Loweka misasa kwenye ndoo ya maji yenye matone machache ya sabuni kwa dakika 10 hadi 15. Uanze na namba gani? Taa yenye ukungu mwepesi tu, anza na 1500 au hata 2000. Ya njano, anza na 1000. Ile ambayo ngozi yake inabanduka kwa vipande, anza na 800, na usiogope.

Zungushia msasa kwenye sifongo, lowesha lenzi, kisha sugua kwa mistari iliyonyooka, kushoto kwenda kulia, ukibonyeza kwa wastani na ukipulizia maji kila mara. Usisugue kwa kuzungusha. Kisha tazama maji yanayochuruzika. Mwanzoni yatakuwa na rangi ya njano chafu: hiyo ni ngozi ya zamani inatoka. Endelea. Baada ya dakika kadhaa yataanza kugeuka meupe kama maji ya mchele, na mkono wenyewe utahisi tofauti, msasa unateleza sawasawa bila kukwamakwama. Huo ndio wakati wa kufuta na kukagua.

Kausha lenzi kabisa na uiinamie kwa pembeni. Kama bado kuna mabaka yanayong'aa katikati ya uso uliofifia, mabaka yenye ukingo kama ramani, hayo ni mabaki ya ngozi ya zamani. Ni lazima yaondoke yote. Hii ndiyo hatua ambayo watu huikatia tamaa, kwa sababu taa inaonekana mbaya kuliko ulivyoianza: nyeupe, haipitishi kitu, kama dirisha la choo. Mkeo au mumeo akipita akiuliza umefanya nini, mwambie arudi baada ya saa moja. Mabaka yakibaki, kompaundi haitayaondoa, na kinga utakayopaka juu yake itabanduka pamoja nayo.

Uso ukishakuwa na ufifi ulio sawa pande zote, nenda namba inayofuata, na safari hii sugua juu kwenda chini. Sababu ya kubadilisha mwelekeo ni rahisi: utaona wazi kama mistari ya mlalo ya msasa uliotangulia imekwisha. Ikiisha yote, hamia namba nyingine na urudi kusugua kushoto kwenda kulia. Dakika tano hadi nane kwa kila namba, kwa kila taa, ni makadirio mazuri. Suuza lenzi na ubadilishe maji ya ndoo kila unapobadilisha namba, usije ukabeba chembe za 800 ukaziingiza kwenye 2000.

Usiruke namba kwa kuharakisha. Kutoka 800 kwenda 2000 moja kwa moja kunawezekana kwenye karatasi tu. Kiuhalisia 2000 haina nguvu ya kufuta alama za 800, na utaziona usiku balbu ikiwaka.

Hapa kuna njia panda. Ukikusudia kupulizia klia, ile rangi isiyo na rangi inayopulizwa juu ya rangi ya gari, simama kwenye 1000 au 1500 na usipake kompaundi kabisa. Klia inahitaji uso wenye makwaruzo madogo ili ishike, na yenyewe itayajaza. Ukikusudia kinga ya kupaka kwa kitambaa au filamu, endelea hadi 2000 au 3000 kisha ung'arishe.

Kung'arisha kwa kompaundi

Weka kompaundi kiasi cha punje ya kunde, mara mbili au tatu, kwenye pedi. Isambaze kwanza bila kuwasha drili, ili isirukie boneti. Kisha washa kwa mwendo wa chini na pitisha pedi taratibu bila kutulia mahali pamoja. Adui hapa ni joto. Polikaboneti ikipata moto inalainika, uso unavutwa, na utaona doa la maziwa ambalo litakurudisha kwenye msasa. Gusa lenzi kwa kiganja kila baada ya sekunde chache: ikiwa na joto la kukufanya uondoe mkono, pumzika.

Kwa mkono, tumia kitambaa kilichokunjwa, sugua kwa nguvu sehemu ndogo ndogo mpaka kompaundi ianze kukauka, futa, rudia. Mara tatu au nne kwa taa moja ni kawaida. Futa yote, tazama kwa pembeni, washa balbu kama giza limeingia. Ukiona mistari ya msasa, usiongeze kompaundi kwa hasira. Rudi kwenye 2000 au 3000, dakika chache, kisha ung'arishe tena.

Kinga

Lenzi sasa ni safi na iko uchi. Ifute kwa isopropili na kitambaa kipya, mara mbili, na usiiguse tena kwa vidole.

Nta ya kawaida ya gari ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwa jua la huku na kuoshwa kila wiki, hesabu mwezi hivi kabla haijaisha. Kama ndiyo uliyonayo, ipake, lakini ujue umejiandikisha kuipaka kila mwezi.

Kinga ya seramiki ya kupaka kwa kitambaa, zile chupa ndogo, inadumu miezi kadhaa. Paka tabaka jembamba, futa ziada kabla haijaganda, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, ongeza la pili. Usilowanishe gari kwa saa 24. Seti za kufufulia taa zinazouzwa kwenye boksi huwa na kitambaa au kichupa cha kinga maalumu ya miale ya jua; zile nzuri zinaweza kufikisha mwaka au zaidi, na kama unaipata ya kuaminika ndiyo ningemshauri mtu anayefanya mara ya kwanza.

Filamu ya wazi ya poliuretani, ile wanayobandika kuzuia rangi ya gari isichunwe na kokoto, ni chaguo ambalo watu hulisahau. Inakinga jua na mikwaruzo kwa pamoja, na ikichoka unaibandua unaweka nyingine. Inabandikwa kwa maji ya sabuni kidogo: lowesha lenzi, telezesha filamu, sukuma maji nje kwa kipande cha plastiki laini ukianzia katikati. Taa zilizopinda sana kama za IST zitakupa tabu kwenye kona. Joto la drayeri ya nywele husaidia kuivuta. Iwe wazi kabisa. Filamu za rangi, za njano au za moshi, zinakula mwanga uleule uliokuwa unautafuta.

Klia yenye hadina, yaani kimiminika kinachochanganywa nayo ili igande ngumu, ndiyo inayodumu zaidi, miaka si miezi, na ndiyo yenye masharti mengi. Klia ya kopo isiyo na hadina haifai. Itageuka njano na kubanduka. Yenye hadina ina aisosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii chochote. Unahitaji barakoa inayokubalika kwa rangi za kupuliza zenye kemikali hiyo, glovu, miwani, na uwanja wenye hewa. Kama huna vifaa hivyo, fanya kazi yako yote ya msasa nyumbani, kisha mpelekee fundi rangi akupulizie. Anavyo, na kwake ni kazi ya dakika chache.

Ukipuliza mwenyewe, funika sehemu yote ya mbele ya gari kwa magazeti na tepu, pamoja na kioo cha mbele, kwa sababu vumbi la klia husafiri mbali kuliko unavyodhani. Pulizo la kwanza liwe jepesi sana, kama umande; likiwa zito, kimiminika chake kinaweza kuipasua polikaboneti. Subiri dakika 10 hivi, kisha weka la pili na la tatu yaliyolowana vizuri zaidi. Chagua siku kavu. Wakati wa masika pwani, unyevu wa hewa hunasa kwenye klia na kuifanya iwe na ukungu mweupe, na hapo utaanza upya kutoka 1000.

Taa zikiwa safi, elekeza gari kwenye ukuta usiku, umbali wa mita tano au zaidi, tanki na tairi zikiwa kama kawaida. Taa iliyokuwa imefubaa ilikuwa inatawanya mwanga kila upande. Sasa mstari wake utaonekana wazi, na kama ilikuwa imeelekezwa juu kupita kiasi utawapofusha watu. Kuna skrubu za kurekebishia nyuma ya taa. Mwanga mdogo (dimu) wa magari ya Japani hupanda kidogo upande wa kushoto, sawa kwa Tanzania, Kenya na Uganda tunakoendesha kushoto. Msomaji wa Bujumbura au Bukavu mwenye gari la usukani wa kulia, ambako kwenu mnaendesha kulia, ule mwanga unaopanda unamwelekea dereva anayekuja mbele yako, na kadiri taa inavyong'aa ndivyo unavyomuumiza. Ishushe zaidi.

Plastiki nyeusi zilizopauka

Plastiki zisizopakwa rangi, yaani iliyo chini ya waipa, za pembeni mwa bampa, vishikio vya sait mira, ukingo wa matairi kwenye gari kama RAV4, ni jamii nyingine kabisa. Nyingi ni polipropilini. Ukifungua kipande ukageuza nyuma mara nyingi utakuta herufi PP. Hizi hazipigwi msasa. Zimeundwa na vipele vidogo vidogo, na msasa ukivifuta vipele hivyo havirudi, unabaki na doa laini linalong'aa milele.

Kupauka kwake ni tabaka la juu lililochomwa na jua likawa unga. Pitisha kidole kikavu uone: kikitoka na vumbi la kijivu, hapo kazi ya kwanza ni kusafisha, na kwa uzoefu wangu usafi ndio sehemu kubwa ya matokeo. Tumia sabuni ya vyombo yenye nguvu au dawa ya kusafishia injini iliyochanganywa na maji, na brashi ya nyuzi za wastani. Mswaki wa zamani kwenye kona. Sugua mpaka povu liache kutoka jeusi na kijivu. Suuza, kausha kabisa, futa kwa isopropili. Mabaka meupe ya polishi iliyokauka, yale yanayokaa kwenye vipele baada ya fundi kung'arisha rangi, hulainika ukiyapaka polishi mbichi kidogo na kuisugua kwa mswaki ingali mbichi.

Usipake dawa ya madoa ya nguo. Haisafishi unga huo, inaongeza kuupausha.

Sasa nini cha kupaka? Mtaani utakuta oili chafu, grisi, mafuta ya nazi, mafuta ya kujipaka na dawa ya kung'arishia tairi. Vyote vinafanya weusi urudi papo hapo na vyote vinaondoka na mvua, tena vinashika vumbi, na oili inachuruzika kwenye rangi ya gari na kuharibu mpira wa milango. Wauza magari wa mitaani huvipenda kwa sababu gari linahitaji kupendeza mpaka mteja aondoke nalo.

Vinavyodumu ni vya aina mbili. Kuna kinga ya seramiki ya plastiki, inayokaa miezi mingi, na kuna rangi ya kuzamisha ya plastiki za nje, nyeusi, inayopakwa kwa sifongo. Kanuni ni ile ile: tabaka jembamba, futa ziada, rudia, na isilowe kwa siku nzima. Bandika tepu kwenye rangi ya gari inayopakana. Rangi ya kuzamisha ikidondokea kwenye boneti nyeupe utajuta.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya mafundi seremala, yanafanya kazi kwa gharama ndogo na hukaa miezi michache. Paka kidogo mno, futa baada ya dakika 15, na vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke au vizamishe kwenye maji. Usivikunje ukavitupa kwenye pipa: mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kujiwasha chenyewe.

Utaona pia video za watu wakichoma plastiki kwa mashine ya hewa moto, na kijivu kinageuka kuwa cheusi pale pale. Ni kweli kinageuka. Joto linayeyusha tabaka la juu kabisa na kuvuta mafuta ya ndani yaje juu. Lakini unakopa mafuta hayo, na kila unaporudia yanapungua, mpaka plastiki inakauka na kupasuka. Kwa kipande kizee ambacho ungekibadilisha hata hivyo, jaribu, mkono ukitembea bila kusimama, maana polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi na mashine hiyo hutoa joto kubwa kuliko hilo. Kaa mbali na kioo na rangi.

Michubuko ya bampa na kona

Pitisha ukucha. Mchubuko mwingi unaouona kwenye bampa si jeraha, ni rangi ya kitu ulichogusa: ukuta wa geti, nguzo, gari la jirani. Kama ukucha haukwami, kompaundi ileile ya taa, kwa kitambaa na mkono, huuondoa kwenye bampa lililopakwa rangi. Kwenye plastiki nyeusi yenye vipele, tumia isopropili na mswaki, si kompaundi, la sivyo utaongeza mabaka meupe juu ya mchubuko.

Ukucha ukikwama kwenye bampa la rangi, kompaundi itapunguza weupe wa kingo za mkwaruzo lakini mfereji utabaki. Huo ni wa fundi rangi. Ukikwama kwenye plastiki nyeusi, lainisha mahali hapo kwa drayeri ya nywele, bonyeza nyuzi zilizosimama kwa upande butu wa kijiko, acha ipoe, kisha paka rangi ya kuzamisha. Haitapotea, ila mtu aliyesimama hatua mbili hataiona.

Ukiamua kupaka plastiki nyeusi rangi ya kawaida ya kupuliza, lazima itanguliwe na praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi ya kushikisha ile ya juu. Polipropilini haipokei rangi, na bila praima hiyo rangi itatoka kama ngozi ya nyoka mara ya kwanza gari likioshwa kwa maji ya presha.